Kutoka Matongé hadi Velp: kumtafuta Audrey Hepburn wa utotoni

Daftari langu lilirudi Tanga limelowa mvua, kwa hiyo baadhi ya haya nimeyaokota kwenye picha za simu na risiti nilizokuwa nikizisunda mfukoni. Safari ilikuwa ya Aprili, Ubelgiji na Uholanzi, viza moja ya Schengen ikitosha kote kuwili. Wengi tunamjua Audrey Hepburn wa gauni jeusi na miwani mikubwa. Mimi nilikuwa na hamu ya binti aliyekaa Uholanzi tangu ana miaka 10 hadi anatimiza 16, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Nilikuwa na swali moja tu: kwa nini mwigizaji huyu alikataa kuigiza vita, halafu uzeeni akaifuata mwenyewe mpaka Ethiopia na Somalia?

Jumanne, Brussels

Nilifikia kwa Da Zuhura, muuguzi, anayekaa Ixelles. "Wenzio wanakuja Ulaya kununua nguo," alisema akinimiminia chai, "wewe mdogo wangu umekuja kuzungukia nyumba za marehemu." Alikuwa na zamu ya asubuhi, basi akanichorea ramani nyuma ya bahasha: shuka metro ya Porte de Namur, pita Matongé, ulizia Rue Keyenveld.

Matongé ni mtaa wa Wakongo. Saluni za kusuka zimepangana, vitenge vimetundikwa mpaka nje, na harufu ya samaki wa kukaushwa inakupokea ukiibuka tu kutoka chini. Kutoka hapo hadi Keyenveld ni mwendo mfupi wa miguu. Nyumba namba 48 ina kibao ukutani: Audrey Hepburn alizaliwa hapa, 4 Mei 1929. Hakuna cha kuingia kutazama, wanaishi watu. Piga picha yako uondoke, usibonyeze kengele ya mtu.

Mama yake, Ella van Heemstra, alikuwa binti wa baroni wa Kiholanzi aliyewahi kuwa meya wa Arnhem, kisha gavana wa Suriname. Baba yake, Joseph Ruston, alikuwa raia wa Uingereza. Liko jambo ambalo waandishi wa kumsifu Audrey hulipitia mbio: katikati ya miaka ya 1930 wazazi hao wote wawili walikuwa upande wa mafashisti wa Uingereza, na mwaka 1935 Ella alikwenda Ujerumani, akaonana na Hitler, akaandika kuisifu nchi ile. Mwaka huohuo baba akaondoka nyumbani moja kwa moja. Nalitaja mapema kwa sababu ukilificha, yaliyobaki yote yanakuwa matamu kupita kiasi.

Mchana nilikula sombe, wali na samaki katika mgahawa wa Matongé, yuro 14. Meza ya pili alikaa mzee mmoja wa Kisangani, akaniuliza ninaandika nini. Nilipotaja jina akacheka. Mwaka 1958 Audrey alikwenda Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kupiga sinema ya *The Nun's Story*, akiwa mtawa muuguzi. "Papa alikuwa anatuambia," mzee akasema, "ule mama alikuwa mwembamba sana, batu banauliza: ule, kwao hakuna chakula?"

Nikamwambia kwao chakula kiliwahi kukosekana kweli. Akaweka kijiko chini, akataka nimweleze yote. Nilimweleza mpaka chakula changu kikapoa, na nilipoinuka kulipa nikakuta juisi ya tangawizi ameshanilipia.

Jumatano, Breda, Tilburg na Goirle

Treni kutoka Brussels kwenda Breda huchukua chini ya saa mbili. Yangu ilisimama katikati ya mashamba zaidi ya saa nzima. Matangazo yalitolewa kwa lugha tatu na hakuna hata moja lililosema sababu. Mama mmoja wa Kituruki aliyekaa mbele yangu alitoa mkate wenye jibini na zeituni, akaukata vipande viwili bila kuniuliza, akanipa kikubwa. Tuliwasiliana kwa mikono.

Kwa atakayefuata: Uholanzi si lazima ukate tiketi za karatasi. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine unapoingia stesheni na tena unapotoka. Ukisahau kugusisha ukitoka, unakatwa pesa za bure.

Nilishuka Tilburg kwa ajili ya mtu mmoja, mjomba wake Audrey, Otto van Limburg Stirum, mume wa Miesje, dada mkubwa wa Ella. Baada ya baba kuondoka, huyu ndiye mwanamume aliyekuwa karibu na mtoto. Uingereza ilipoingia vitani mwaka 1939, Ella alimtoa binti yake shuleni Kent na kumrudisha Arnhem kwa ndege, akiamini Uholanzi haitaguswa kama ilivyosalimika vita vya kwanza. Wajerumani waliingia tarehe 10 Mei 1940. Miaka miwili baadaye waliwakamata watu wenye majina makubwa na kuwaweka rehani: likitokea tendo la uasi, hao ndio watakaolipa. Agosti 1942 wapinzani wakajaribu kulipua reli Rotterdam. Aliyetega hakujitokeza. Tarehe 15 Agosti mateka watano walipelekwa kwenye msitu ulio kusini ya Goirle wakapigwa risasi, Otto mmoja wao. Audrey alikuwa na miaka 13. Ella naye ndipo alipokoma kabisa kuwaona Wajerumani kama alivyowaona zamani.

Basi la kutoka Tilburg hukufikisha Goirle, si msituni. Nilikodi baiskeli kama yuro 12 kwa siku, nikapotea njia punde tu nilipoacha lami. Njia ni za mchanga, misonobari imesimama kwa safu, kila njia panda inafanana na iliyotangulia. Babu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alinitazama nikigeuzageuza simu, akauliza kwa Kiingereza kama nawatafuta "wale watano". Akaniambia nimfuate. Alitembea mbele polepole karibu nusu saa, mimi nikikokota baiskeli, na tulipofika akavua kofia, akanipa mkono, akarudi alikotoka. Majina niliyasoma peke yangu. Wazee wa Goirle, kumbe, hawahitaji kuambiwa nani ni jamaa wa mwigizaji na nani siye. Kwao ni wale watano.

Nilifika Arnhem usiku, nimechoka, nikala kroketi, kitafunwa cha kukaanga, kutoka kwenye kabati la ukutani: unaingiza sarafu, unafungua kidirisha, unachukua. Ni ya moto kuliko unavyodhani, ipulize kwanza.

Alhamisi, Arnhem

Hosteli niliyolala haikuwa na joto usiku. Nitaacha kuitaja. Njoo na soksi nzito hata kama ni Aprili.

Stesheni ya Arnhem ni mpya, paa lake limejikunja kama shuka lililopeperushwa na upepo. Stesheni aliyoijua Audrey haipo tena. Ukubwani alisimulia alivyosimama stesheni akaona familia za Wayahudi zikisukumwa ndani ya mabehewa ya ng'ombe, na kati yao mtoto wa kiume mwenye nywele za dhahabu na koti lililomzidi, akiingia na wazazi wake. Mtoto alikuwa akimtazama mtoto mwenzie. Nilisimama kwenye ukumbi ule wa kisasa, watu wakikimbilia treni na vikombe vya kahawa mkononi, nikaona hapana pa kulielekeza jicho. Nikaenda zangu mjini.

Jansbinnensingel, walipopanga nyumba, ni barabara yenye bustani katikati. Alikuwa akitoka hapo kwenda kujifunza baleti kwa mwalimu Winja Marova, na jukwaa lake lilikuwa ukumbi wa maonyesho wa mji. Mei 1940, jioni ya kuamkia uvamizi, kikundi cha baleti cha Sadler's Wells kutoka London kilicheza Arnhem, na Margot Fonteyn, mchezaji wao nyota, alikuwamo. Mtoto wa miaka 11 alitaka kuwa hivyo. Katika miaka yote ya vita ndoto ilikuwa hiyo. Sinema haikuwamo kichwani.

Daraja liko dakika chache kutoka hapo, limepewa jina la John Frost, kamanda wa Kiingereza aliyelishikilia upande wa kaskazini Septemba 1944. Mpango ulikuwa kuwashusha askari wa miavuli, kuyateka madaraja, na kuvuka Rhine kuingia Ujerumani kabla ya baridi. Daraja la mwisho lilikuwa hili, na msaada haukulifikia. Lililopo leo limejengwa baada ya vita. Malori yanapita, baiskeli zinapita, na chini mtoni mashua ndefu za mizigo zinapanda taratibu kuelekea Ujerumani.

Ijumaa, Arnhem bado

Siku ya soko, pembeni ya kanisa la Eusebius. Mnara wake ulianguka katika mapigano yale na kujengwa upya. Leo unapanda kwa lifti na kusimama kwenye vibaraza vya kioo. Mimi wa Tanga, ghorofa za kwetu nazihesabu kwa vidole, nilitoka mguu mmoja nikaurudisha.

Kilichonishika ni meza ya maua. Tulipu zilikuwa zinauzwa na mizizi yake ndani ya vyungu vidogo, na tunguu lake limechomoza nusu juu ya udongo: ganda la kahawia linalobanduka ukiligusa, chini yake nyama nyeupe, ngumu. Muuzaji aliona nalipapasa, akanisogezea lililovunjika. Akalipasua kwa kisu chake cha kukatia kamba, akanionyesha kiini cha manjano katikati. Hicho lazima kitolewe, alisema, kina sumu; bibi yake aliwafundisha.

Maana watu walizila. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Kiholanzi waligoma ili kuwasaidia Waingereza na wenzao, Wajerumani wakajibu kwa kuzuia chakula kisiingie magharibi ya nchi, kisha mifereji ikaganda kwa baridi. Waliokufa kwa njaa majira yale hukadiriwa kuwa kama 20,000. Arnhem yenyewe ilikuwa tupu: baada ya vita vya daraja Wajerumani waliwafukuza wakazi wote, watu wapatao 90,000 au zaidi, na umati ule ukapita kwa miguu katika mji jirani wa Velp, na vitanda vya watoto, na wagonjwa juu ya mikokoteni.

Nililionja tunguu, kipande cha ukucha. Kwanza utamu kidogo, halafu koo likaanza kuwasha. Muuzaji alicheka, akanipa maji.

Jioni nilipita Burgemeestersplein kuona sanamu ya kichwa chake, kazi ya Kees Verkade. Ni nzuri, lakini ni ya yule wa Hollywood, shingo ndefu na yote. Sikukaa.

Jumamosi, Velp

Panda basi namba 1. Arnhem ina mabasi ya umeme yanayoshikilia nyaya za juu, na hili hutoka Oosterbeek hadi Velp, yaani vituo vyote viwili vya vita kwa laini moja. Njiani, kwenye Velperweg, lipo jumba la Bronbeek, makazi ya askari wastaafu yaliyobeba historia ya ukoloni wa Waholanzi Indonesia. Kuna mkahawa wa Kiindonesia hapo. Nilikula mishkaki ya kuku yenye mchuzi wa karanga, wali na sambal iliyonikumbusha nyumbani, yuro 20 na ushei. Ndicho chakula pekee cha safari nzima kilichokuwa na pilipili ya kueleweka.

Velp ni mji mtulivu, miti mikubwa, nyumba zenye bustani. Baada ya Otto kuuawa, Ella na binti yake walihamia hapa kwa babu, baroni, pamoja na Miesje aliyeachwa mjane, katika nyumba iliyoitwa Beukenhof, Rozendaalselaan 32. Usije ukatarajia kuiona. Ilibomolewa, yakajengwa makazi ya ghorofa, na kumbukumbu ya Audrey ipo hapo mbele. Nilikuwa nimejiandaa kuvunjika moyo. Ila ukisimama pale ukitazama juu ya barabara kuelekea msitu wa Rozendaal, umbali unaeleweka: hospitali huku, reli kule, msitu kule. Maisha ya miaka ile yote yaliingia ndani ya mwendo wa robo saa.

Hospitali ndiyo muhimu. Daktari wa hapa, Hendrik Visser 't Hooft, alikuwa katika harakati za siri, na Audrey akawa msaidizi wake. Kwa ajili ya kuchangisha fedha za watu waliofichwa alicheza katika zile jioni walizoziita nyeusi: nyumba ya mtu, madirisha yamefunikwa, mlango una mlinzi, piano inapigwa chinichini. Akimaliza hakuna anayepiga makofi, kwa kuwa makofi yangesikika barabarani. Alisema hadhira bora aliyowahi kuipata ilikuwa ile. Nimelifikiria sana neno hilo kutoka kwa mtu aliyeshika tuzo ya Oscar akiwa na miaka 24.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi alikuja mama mtu mzima sana, na mjukuu wake wa kike kama wa miaka 20. Mjukuu alikuwa mkalimani wetu. Bibi alikuwa mtoto mdogo wakati ule, Velp hiihii. Hakumkumbuka Audrey na hakujifanya kumkumbuka. Alikumbuka ghala la chini ya nyumba: wiki kadhaa mfululizo walilala huko kwa sababu mabomu yale ya kuruka yenyewe, V1, yalikuwa yakipita juu na mengine kuanguka kabla ya safari yake. "Yakinguruma unapumua," alisema. "Yakinyamaza unajikunja." Kisha akafungua mkoba, akanipa pipi ya mnanaa, na akahakikisha nimeila mbele yake.

Binti wa Beukenhof naye alikuwa ghalani na jamaa zake. Wakimbizi wa Arnhem walipofurika, familia iliwapokea wengi, kisha ikabidi waendelee na njia kwa kuwa hapakuwa na cha kuwapa. Wakala majani yanayowasha, yaani upupu wa huku, na matunguu. Mpaka vita inaisha alikuwa na upungufu wa damu, macho ya manjano, na miguu iliyovimba. Velp ilikombolewa 16 Aprili 1945. Alisimulia kwamba ukombozi kwake ulikuwa na harufu: petroli na sigara za Kiingereza. Askari alimpa chokoleti, akazila zote palepale, akaugua. Alivuta sigara maisha yake yote, na chokoleti hakuiacha pia.

Halafu yakaja masanduku ya UNRRA, shirika la misaada ambalo kazi yake kwa watoto ilirithiwa na UNICEF mwaka 1946: maziwa ya kopo, sukari, mablanketi, nguo. Huyu alikuwa mtoto wa foleni ya msaada. Picha tulizozizoea ni za upande mwingine wa foleni, mzungu mwembamba amempakata mtoto wa Kiafrika, na mimi huwa zinanikera. Zake zinanikera kidogo zaidi kuliko nyingine. Alipokwenda na UNICEF Ethiopia Machi 1988, Sudan 1989, na Somalia Septemba 1992 akipitia Kenya, alikuwa anajua uji wa kwanza unavyolirudisha tumbo lililozoea njaa.

Baleti ndiyo aliyoikosa. Mwaka 1948 alikwenda London kwa mwalimu wa baleti Marie Rambert, akaambiwa hatafika daraja la juu: mrefu mno, na mwili umekosa lishe katika miaka ya kujijenga. Sinema ilikuja kwa sababu mlango wa kwanza ulifungwa. Dunia ikausifu wembamba wake kama mtindo wa mavazi na wasichana wakajinyima kula ili wafanane naye. Pale kwenye benchi la Velp jambo hilo lilinitia hasira zaidi ya nilivyotarajia.

Kuhusu swali langu. Alizaliwa 1929, mwaka uleule na Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni Amsterdam na kufa kambini, wiki chache mbele yake. Audrey alizisoma kurasa za Anne kabla hata hazijawa kitabu madukani, akavunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliombwa aigize nafasi ya Anne, na baba wa Anne mwenyewe, Otto Frank, akaenda kumwona Uswisi. Akakataa. Mwaka 1990 ndipo alipokubali kuyasoma maneno yale mbele ya watu, okestra ikipiga, yeye amesimama tu na karatasi. Mwanawe Luca Dotti amesema nyumbani mama yao alisimulia vita kuliko alivyosimulia Hollywood. Kwa hiyo hakuikimbia. Ilikuwa mezani kila siku. Alichokataa ni kujifanya mtu wa vita mbele ya kamera wakati alikuwa mtu wa vita kweli, na maadamu UNICEF ilimpa namna ya kwenda bila kujifanya, akaenda mpaka miezi minne kabla ya kufa, 20 Januari 1993.

Jumapili, Oosterbeek na kurudi

Basi namba 1 upande wa pili. Hoteli ya zamani ya Hartenstein, makao makuu ya Waingereza wakati wa vita vya Arnhem, sasa ni makumbusho. Kiingilio kama yuro 15. Ghala la chini wameligeuza uwanja wa vita wenye sauti na giza. Nilitoka mapema, masikio hayakuweza. Makaburi ya askari yako nje kidogo ya mji, zaidi ya 1,700, nyasi zimekatwa vizuri, Wapoland wakiwamo. Kuingia bure. Mvua iliyolowesha daftari ilinikuta hapo, na mtunza bustani akanifungulia kibanda chake mpaka ilipopungua.

Treni za kurudi Brussels Jumapili hujaa. Unaweza kusimama hadi Antwerpen kama mimi. Nilimpigia Da Zuhura kumwambia nachelewa, nikamsimulia ya chokoleti. Kimya kidogo. "Nasi wodini," akasema, "mtu aliyekaa na njaa hatumpi sahani iliyojaa. Yule askari angeweza kumuua."

Gharama, kwa wanaopanga: ukitoa ndege, nilitumia kama yuro 400 kuanzia Jumanne hadi Jumapili, malazi yakichukua karibu nusu, na Brussels nililala bure. Ukiwa na siku moja tu, ruka Arnhem mjini. Shuka stesheni ya Velp asubuhi, tembea Rozendaalselaan mpaka msituni, kula Bronbeek, malizia Oosterbeek kabla makumbusho hayajafunga saa 11 jioni. Goirle inataka siku yake na baiskeli, na usitegemee simu. Ulizia wale watano.